Maji ya bomba Koriyama, na samaki wa jirani

Kutoka: Mama Zawadi, Koriyama

Habari zenu ndugu. Tumehamia Koriyama, mkoa wa Fukushima huku Japani, mwezi uliopita, mume wangu kapata kazi huku. Mama yangu kule Tanga ameshapiga simu mara tatu: "Hayo maji ya Fukushima mnakunywa kweli?" Anakumbuka ile ajali ya kinu cha nyuklia ya 2011. Namtuliza kwamba nachemsha, na kweli nachemsha, kisha nachuja kwa kitambaa kama nyumbani. Inatosha?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Jirani yetu, mzee wa makamo ya babu yangu, jana katuletea samaki wanne wa maji baridi, wanaitwa iwana. Nimewatia kwenye friza. Kukataa niliona haya, kuwapika naogopa. Nina mtoto wa miaka miwili.

---

Kutoka: Baba Rehema, Sendai

Mama Zawadi, karibu Tohoku, huku kaskazini mwa Japani. Kwanza zima jiko, unachoma gesi bure. Moto unaua vijidudu, lakini sesiamu, ile elementi yenye mionzi iliyotoka kinuni, si mdudu, haifi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani.

Habari njema ni kwamba kwenye bomba haipo ya kukutisha. Sesiamu hung'ang'ania tope, hasa udongo wa mfinyanzi. Wakumbuka bibi zetu walivyotia shabu mtungini, uchafu ukashuka chini, wakateka maji ya juu? Mitambo ya maji hufanya hivyo hivyo kwa dawa za jamii ile, kisha maji yanapitishwa kwenye mchanga. Tope likitoka, sesiamu nayo imetoka. Kikomo cha Japani kwa maji ya kunywa ni bekereli 10 kwa kilo (bekereli ni kipimo cha mionzi), na vipimo hutangazwa. Isitoshe, sehemu kubwa ya maji yenu Koriyama inatoka Ziwa Inawashiro, inavuka milima kwa mfereji uliochimbwa enzi za mfalme Meiji, karne ya 19.

Hofu ya mama yako naielewa, maana niliionja mwenyewe. Machi 2011 nilikuwa mwanafunzi Tokyo. Siku kumi na mbili baada ya tetemeko na tsunami, jiji likatangaza kwamba kituo cha maji cha Kanamachi kimepimwa na kukutwa na iodini-131, nayo ya mionzi ya kinu, bekereli 210 kwa kilo. Kikomo cha watoto wachanga kilikuwa 100, cha watu wazima 300. Kufika jioni hukuti chupa ya maji dukani, hata ile ya soda ya bei mbaya imebebwa. Jiji likagawa chupa 240,000 kwa nyumba zenye wachanga. Kesho yake kipimo kilikuwa kimeshashuka, wakaondoa onyo. Iodini ile hupungua nusu kila siku 8, kwa hiyo ilishakwisha zamani. Sesiamu-137 ndiyo inayotaka miaka 30 kupungua nusu, ndiyo maana hadi leo tunaizungumzia.

Samaki nawaachia wanaovua.

---

Kutoka: Mvuvi wa Iwaki

Shikamoo Baba Rehema. Dada, hapo kwenye samaki usiende haraka.

Mionzi iliangukia misituni, na misitu haikusafishwa isipokuwa pembezoni mwa makazi. Mvua ikinyesha, majani na tope vinashuka vijitoni, kisha vinatulia kwenye mabwawa kama la Ogaki, Namie. Iwana anakula wadudu wanaodondoka kutoka miti hiyo hiyo. Tena samaki wa maji baridi hana chumvi ya kuchezea: mwili wake huishikilia, na sesiamu huuhadaa ikajifanya ni potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo. Wa baharini kazi yake ni kuitoa chumvi, kwa hiyo alisafika mapema zaidi. Mimi samaki wa bahari wa Iwaki nakula bila wasiwasi, hata baada ya Agosti 2023 walipoanza kumwaga baharini yale maji ya kinu yenye tritiamu, hidrojeni ya mionzi. Lakini iwana na yamame, samaki mwingine wa mtoni, wa baadhi ya mito ya Fukushima bado hawaruhusiwi kuuzwa.

Kwa hiyo swali ni mto gani. Muulize mzee. Kama hukumbuki neno: "Doko no kawa desu ka?" Hataona vibaya, watu wa huku wamelizoea swali hilo kuliko sisi. Asipojua, manispaa nyingi za Fukushima hupima bure chakula cha wakazi, piga simu manispaa yenu uulize wanataka kiasi gani. Kikomo cha chakula ni bekereli 100 kwa kilo.

Na mafuriko yakija kama ya kimbunga cha Oktoba 2019, mto Abukuma ukaingia mitaani kwenu, tope likikauka usilifagie hivi hivi. Lowesha, vaa barakoa na glavu.

---

Kutoka: Shangazi, Gävle

Nimehamia Sweden ila bado nawasoma. Huku mvua yenye mionzi ya ajali ya kinu cha Chernobyl ilitunyeshea mwaka 1986, na samaki wa maziwa bado wana kikomo chao: bekereli 1,500 kwa kilo. Naam, mara kumi na tano ya hicho cha Japani! Sisemi mtoto apewe. Nasema tu mama wa Tanga aambiwe kwamba 100 ni kamba fupi.

---

Kutoka: Mama Zawadi, Koriyama

Asanteni sana. Nimeenda kwa mzee na sahani ya maandazi, nikauliza kwa Kijapani changu cha kuchechemea. Akacheka. Samaki ni wa kufugwa, amewanunua. Mtoni kwake, alikovua tangu utotoni, hajatumbukiza ndoano tangu 2011. Akanionyesha fimbo zake, zimefungwa kwa kitambaa juu ya kabati.

Tumewakaanga jana. Mama nimemweleza habari ya shabu, ameridhika kuliko nilipomtajia bekereli. Sasa naomba anayejua ukwaju unapatikana wapi karibu na Koriyama.