Naombeni ushauri: jina la ukoo Lefebvre

Habari zenu wakuu, mume wangu ni Mfaransa wa kaskazini karibu na Lille, ukoo wao Lefebvre, na binti yetu anataka kujua jina lake limetoka wapi. Nimeshajua maana yake ni mhunzi, kutoka neno la Kilatini faber, na hiyo b haitamkwi kabisa, makarani wa zamani waliichomeka tu ifanane na Kilatini. Sasa shida, babu mmoja kaandikwa Lefebvre, baba yake Lefèvre, mwingine Lefébure, nachanganyikiwa jamani. Rejista za serikali zinaanzia 1792, nyuma ya hapo ni vitabu vya ubatizo vya kanisa. Je niwahesabu ukoo mmoja au nifuate kwanza majina ya wazazi? Bibi yake binti yetu ana miaka 91, natamani ayasikie haya akiwa hai.