Kuzuia damu kuganda kwa majeruhi mahututi: dawa ianze lini?

Muulizaji: Kaka yangu yuko mahututi baada ya kuvunjika nyonga na kuumia kichwani. Kwa nini amevalishwa miguuni mifuko inayojazwa hewa, ilhali sindano ya kuzuia damu kuganda imeahirishwa?

Jibu la kwanza: Pole sana. Majeraha makubwa huifanya damu igande kwa urahisi, na kulala bila kujongea hupunguza mwendo wake mishipani. Bonge la damu likisafiri kutoka mguuni hadi mapafuni linaweza kuua. Hata hivyo, heparini, yaani dawa ya sindano hiyo, ikitolewa mapema mno huweza kuzidisha uvujaji wa damu ndani ya fuvu, ndiyo maana madaktari husubiri, mara nyingi saa 24 hadi 72, mpaka picha ya pili ya kichwa ithibitishe kwamba uvujaji hauongezeki.

Jibu la pili: Mifuko hiyo, inayobana miguu ili damu isonge, ni ya muda tu hadi dawa ianze. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha wagonjwa mahututi 2,003 waliokwisha kuanza dawa ulionyesha kwamba kuwaongezea mifuko hakukupunguza mabonge ya miguuni. Kwa hiyo ucheleweshaji wa dawa usio na sababu, kwa maoni yangu, ndio wa kuhojiwa.

Muulizaji: Nashukuru. Nitamuuliza daktari picha hiyo itapigwa lini.