Naomba ushauri: antibiotiki na bakteria wa mtambo wa majitaka

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ninasimamia mtambo mdogo wa kusafisha majitaka ya hospitali, na tangu wodi zilipozidisha matumizi ya antibiotiki ya siprofloksasini, amonia katika maji yanayotoka imepanda huku nitrati ikishuka, hali inayonifanya nishuku kwamba bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati, ambao huzaliana polepole mno, ndio wanaodhurika. Povu jeupe limetanda juu ya tangi ambamo majitaka hupuliziwa hewa. Oksijeni haipungui miligramu 2 kwa lita, pH ni 7.4, na nimepunguza kutoa tope, ambamo bakteria hao huishi, bila mafanikio. Je, niongeze tope hai kutoka mtambo mwingine, au kwanza nitenge maji ya wodini? Na nitathibitishaje kwamba chanzo ni dawa hiyo, si klorini ya kusafishia sakafu?