Saini nne za Queen kwenye kava la santuri: nikague nini kabla sijalipa?

Mlimani80 (Arusha)
Habari za jioni wakuu. Kuna kava la santuri la Queen, lile kundi la roki la Uingereza, linauzwa Moshi, albamu yao ya 1977, lina saini za wote wanne: Freddie Mercury, Brian May, Roger Taylor na John Deacon. Zimeandikwa mbele kwa maka peni ya bluu. Muuzaji anasema zilisainiwa London mwaka huohuo wa 1977, anataka laki tisa. Cheti alichonacho kimechapwa kwa kompyuta, hakina namba. Anayo pia picha ya The Beatles, kundi jingine la Uingereza la watu wanne, nyeusi na nyeupe, yenye saini zote nne, hiyo laki tatu. Nakwenda kuviona Jumamosi. Naombeni mnielekeze nikague nini palepale mezani, na nikinunua nitunze vipi kwa hali ya hewa ya huku kwetu.

LupuKumi (Arusha)
Mkuu, umbo la saini liache mwisho. Mtu mwenye mkono mzuri analiiga akikaa na karatasi siku chache. Kava, wino na tarehe ndivyo vinavyomshinda, na hivyo unaweza kuvikagua mwenyewe.

Geuza kava nyuma. Ukikuta msimbo pau (barcode, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani), hilo halikuchapwa 1977: misimbo hiyo ilianza kuonekana kwenye kava za santuri mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaenea miaka ya 1980. Soma maandishi madogo ya chini, na linganisha namba ya kwenye mgongo wa kava na ile ya kwenye lebo ya santuri. Zikipishana, vitu hivyo viwili vimekutanishwa baadaye.

Kisha azima lupu ya kukuza mara kumi. Arusha hukosi, madalali wa tanzanite wanatembea nazo mfukoni. Tochi iweke ubavuni, siyo juu. Wino wa maka peni hukaa juu ya kava linalong'aa, kwa hiyo mng'ao wake unatofautiana na wa kava, na mistari inapokatana panakolea zaidi. Saini iliyochapwa kiwandani utaiona imevunjika kuwa vitone, na mng'ao wa kava unapita juu yake bila kukatika. Ya muhuri wa mpira wino umejazana kingoni mwa mstari na katikati umepauka.

Sasa tazama kasi. Anayesaini jina lake mwenyewe haliwazii: mstari unaingia mwembamba, unakolea, unatoka na mkia. Mwigaji anachora, kwa hiyo mstari una unene mmoja, unatetemeka kwenye kona, na pale aliposita kalamu imeacha doa. Mashine ya kusaini nayo huacha mwanzo na mwisho butu, na saini zake mbili ukizipandanisha zinalingana kabisa, jambo ambalo mkono wa mtu haufanyi. Msidhani mashine ni mambo ya zamani. Mwaka 2022 kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan kiliuzwa dola 599 kwa nakala kama kilichosainiwa kwa mkono, ikabainika ni mashine. Mchapishaji akarudisha fedha za watu na Dylan mwenyewe akaomba radhi.

Kwa kundi la watu wanne kuna kipimo kizuri zaidi: kila jina liwe na mkono wake. Kalamu moja kupokezana si tatizo, ni kawaida. Tatizo ni majina manne yenye mlalo mmoja na mkandamizo mmoja. Angalia pia nafasi. Aliyesaini wa nne kwa kawaida amebanwa, anapenya alipopata. Mwigaji hugawa uwanja vizuri kwa sababu anajua tangu mwanzo kuna majina manne.

Taa ya kukagulia noti usijisumbue nayo kwa kujua umri. Karatasi zimewekwa kemikali ya kung'arisha tangu miaka ya 1950, kwa hiyo ya 1977 itang'aa na ya mwaka jana itang'aa. Inasaidia tu kuona kama kuna jina la mtu lililofutwa, lile la "kwa fulani".

Mkunazini (Moshi)
Naongezea mawili.

Kwa vile Freddie alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, huku kwetu hadithi za "alimsainia babu kabla hajaondoka" hazikauki. Familia yake iliondoka 1964, na wakati huo bado alikuwa Farrokh Bulsara. Jina la Mercury alilichukua mnamo 1970, kundi lilipoanza. Kitu chochote chenye saini ya "Freddie Mercury" kinachodaiwa ni cha Unguja miaka ya sitini, kiache.

Picha ya The Beatles ndiyo ya kuogopa kuliko kava. Hata zilizotoka kwao moja kwa moja enzi zile, nyingi zilisainiwa na wasaidizi wao Neil Aspinall na Mal Evans, na mara nyingine mmoja wao aliwasainia wenzake. Kwa hiyo picha inaweza kuwa ya 1964, wino wa 1964, na saini isiwe yao. Na seti halisi ya wanne haiuzwi laki tatu popote duniani.

Mlimani80
Nashukuru sana wakuu. Nimeviona. Kava lina msimbo pau. Chini ya lupu saini ziko juu ya kava, hazina vitone, mistari inapokatana pamekolea. Ya Deacon imebanwa pembeni na imepanda kidogo juu ya mkia wa Taylor. Picha ya The Beatles ina vitone mpaka ndani ya saini. Muuzaji ameshusha kava mpaka laki saba. Je, msimbo pau umeshamaliza habari?

LupuKumi
Picha ni chapa tupu, saini zilichapwa pamoja nayo. Hiyo imeisha.

Kava halijaisha. Msimbo pau umeua maelezo ya muuzaji, siyo lazima saini. Piga hesabu ya muda: kava huenda lilichapwa miaka ya 1980 au baadaye, na Freddie alifariki 24 Novemba 1991. Onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth, Uingereza, 9 Agosti 1986, na baada ya hapo nafasi za mashabiki kuwakuta wote wanne pamoja zilipungua sana. Kwa hiyo tafuta toleo hilo lilichapwa mwaka gani hasa; orodha za matoleo ya santuri zipo mtandaoni, ingiza namba ya mgongoni. Likiwa la baada ya 1991, rudisha bila maneno mengi. Likiwa la kabla, linastahili jicho la mtaalamu.

Makampuni ya Marekani ya kuthibitisha saini, kama JSA na Beckett, yanatoa maoni kwa picha tu, kwa ada ndogo. Piga picha mchana kivulini, kava likiwa limelala bapa na simu sambamba nalo, moja ya kava zima na moja moja ya kila saini. Maoni hayo si cheti. Cheti chenyewe kina stika yenye namba unayoitafuta kwenye tovuti yao, na hata stika zinaigwa, kwa hiyo pale wanapoonyesha picha ya kitu, linganisha na chako.

Fedha usitoe zote. Andikianeni hati ya mauziano: namba ya mgongoni, picha za saini, kiasi ulichotanguliza, na kwamba zikikataliwa unarudishiwa ndani ya siku mlizokubaliana. Mashahidi wawili, hati muipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Anayekataa kuandika ameshakujibu. Na bei ya laki saba yenyewe ni ndogo mno kwa seti kamili ya Queen, ambayo sokoni huvuka dola elfu moja. Mtu anayejua alichonacho hashuki laki mbili kwa dakika kumi.

FremuNaKioo (Moshi)
Mimi nazungumzia utunzaji, maana vitu halisi vinafia kwenye kuta za watu kila siku.

Usipeleke kitu chenye saini kufanyiwa laminesheni. Vyeti vya shule tunavifanyia hivyo, lakini hapa joto na gundi vinaingia kwenye wino na hakuna njia ya kubandua.

Fremu: mwambie fundi asitumie hadibodi wala MDF nyuma, zinatoa asidi inayogeuza karatasi kuwa ya njano. Aweke kadi isiyo na asidi. Kioo kisiguse kava. Kati yake iwekwe kadi nene iliyokatwa dirisha, nafasi ibaki milimita 3 hadi 5, la sivyo masika yakiingia wino unanata kwenye kioo na siku ya kufungua saini inabaki huko. Asibandike kwa gundi wala selotepu, ashikize kwa vikona vya karatasi.

Maka peni hufa kwa jua. Arusha mko mita 1,400 hivi juu ya bahari, jua lenu lina miale mikali. Kioo cha kuzuia miale kinasaidia, ila bado usitundike mkabala na dirisha.

Kama hutundiki, tumia mfuko wa poliesta au polipropilini, siyo ile plastiki laini ya PVC inayonuka, hiyo inavuta wino. Toa santuri ndani ya kava, uzito wake unapasua mshono. Simamisha, usilaze na kupandanisha. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lita 40, weka silika jeli gramu 100 na kipimo cha unyevu, asilimia 40 hadi 50. Kuanzia Machi mpaka Mei kikague kila wiki. Silika ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni. Sanduku la bati linatoa jasho usiku, liache. Vidonge vya nondo pia viache, mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki.

Mkunazini
Likifika hatua ya kulituma nje kwa cheti: kadibodi ngumu mbili pana kuliko kava, mishipa (mawimbi ya ndani) ya moja ilale na ya nyingine isimame ili zisikunjike pamoja. Kabla halijatoka, uliza forodha fomu ya mzigo unaotoka kwa muda na kurudi, ubaki na nakala pamoja na picha. Bila hiyo litarudi kama bidhaa mpya, na kodi inakokotolewa juu ya thamani, usafiri na bima kwa pamoja, VAT peke yake asilimia 18.