Hawa wa "faili kodi bure" wamenifanya mtoto mdogo leo!

Mkwezi_Mkavu:
Wakuu, leo sina salamu. Wale jamaa mnawajua, sina haja ya kuwataja. Wale wenye tangazo linalokufuata kila unapofungua simu, kufaili kodi ya mapato ya Marekani bure, dakika chache tu. Wamenitenda.

Nimekaa nimejaza kila kitu. W-2, ile karatasi ya mshahara anayotoa mwajiri, kisanduku baada ya kisanduku, namba za watoto, akaunti ya benki, kidogo waniulize blauzi ya mama mkwe ni saizi gani. Muda wote kuna namba ya kijani pale juu, inapanda, hela ya kodi nitakayorudishiwa: marejesho yako haya, marejesho yako haya! Nikaweka na ka-1099, karatasi ya mapato ya kazi ya pembeni, ka kazi yangu ya wikendi, hela ya soksi tu. Mtambo kimya. Tukaendelea.

Ukurasa wa mwisho, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma, ndipo kikatokea kiboksi: "Habari njema! Umepandishwa daraja."

Dola 129. Kodi ya jimbo nayo kivyake, 49.

Habari njema?? Kwa nani? Mimi sijaomba cheo! Kama 1099 inalipiwa, si mngesema pale nilipoiweka? Mmesubiri nimwage siri zote za ukoo ndipo mnaniletea habari njema. Na ukitaka kurudi kwenye bure, unafuta ujaze upya. Halafu chini kabisa, herufi za sisimizi: kama huna hela sasa tutakata kwenye marejesho yako, KWA ADA. Yaani nalipa ada ya kulipia ada!

Habari njema. Nimesoma kile kiboksi mpaka macho yameuma.

bwana_stakabadhi:
Mkuu, uliingilia mlango gani? Free File ya kweli, ule mpango wa kufaili bure, unaingilia tovuti ya IRS yenyewe, mamlaka ya kodi, unachagua kampuni pale. Msimu huu wa 2026 kikomo ni mapato ya dola 89,000 kwa mwaka. Ukiifuata kampuni kwa tangazo lake, hiyo "bure" ni ya kwao, na masharti ni ya kwao.

Mkwezi_Mkavu:
Kwa hiyo kosa langu kuamini neno BURE lililoandikwa kubwa kuliko jina la kampuni? Usiwatetee!

nyundo77:
Hahaha "hela ya soksi". Mkuu, ikifika faida ya dola 400 unadaiwa na kodi ya kujiajiri juu. Wewe umelia 129, subiri ukutane na hiyo.

Da_Mwanaidi:
Mwacheni mwenzenu, kinauma. Mimi walinipandisha daraja kwa sababu ya riba ya mkopo wa chuo. Riba! Nina deni, eti nimekuwa mteja wa hali ya juu.

kobe_wa_pwani:
Kilichoniuma mimi ni ile Direct File, mtambo wa serikali yenyewe wa kufaili bure. 2024 ilijaribiwa majimbo 12, 2025 yakawa 25, nikafaili nayo kwa simu nimekaa kitandani, senti haikunitoka. Msimu huu wameifuta. Kitu kizuri hakidumu nchi hii. Zimebaki zile fomu za kujaza mwenyewe, hazina kikomo cha mapato, lakini hesabu utazihangaikia mwenyewe, na za jimbo hazipo.

nyundo77:
Kodi ya mapato ya jimbo? Sisi wa Texas hatuijui hiyo kitu 😂

Da_Mwanaidi:
Tuonyeshe basi bili yako ya kodi ya nyumba, tucheke wote.

nyundo77:
Tusifike huko dada.

Mkwezi_Mkavu:
Jamani turudi kwenye mada. UMEPANDISHWA DARAJA. Kidole kilikuwa kwenye kitufe!

bwana_stakabadhi:
Tumekusikia mkuu. Tafuta kituo cha VITA karibu na ulipo (si vita vya bunduki, ni jina la huduma), ni watu wa kujitolea, wanakufailia bure. Piga kwanza uulize kama wanapokea hiyo 1099 yako. Aprili 15, siku ya mwisho, haikungoji.

mama_pacha:
Afadhali nyie mnaoibiwa na mashine. Mimi kuna mama mmoja huku kwetu, wote tunampa W-2 zetu, anachukua asilimia ya marejesho na hasaini fomu. Nikimuuliza anasema "mwanangu, sahihi ya nini, si tunajuana?"

bwana_stakabadhi:
Mkimbie huyo! Anayelipwa kukufailia lazima asaini na aweke namba yake ya PTIN, ile IRS inayowapa watayarishaji kodi. Barua ya IRS ikija, inakuja kwako peke yako.

kobe_wa_pwani:
Fomu yangu ya kodi imekataliwa leo. Eti mtoto wangu ameshaandikwa kama tegemezi kwenye fomu ya mtu mwingine. Mtoto analala kwangu, anakula kwangu!

Da_Mwanaidi:
Mama yake huyo.

kobe_wa_pwani:
Si mama yake. SHEMEJI.

mama_pacha:
Weeee! Shemeji yupi, yule uliyemtumia nauli?

bwana_stakabadhi:
Chukua IP PIN, namba ya siri ya kuthibitisha kuwa ni wewe unayefaili, kwenye akaunti yako ya IRS, utume tena kwa mtandao. Tangu msimu wa 2025 wanapokea ukiwa nayo, hata kama mwingine ametangulia. Kisha wao ndio watauliza ni nani anaishi na mtoto.

kobe_wa_pwani:
Nachukua sasa hivi. Na Jumapili naenda kwake.

nyundo77:
Nenda na kamera mkuu, fungua uzi mpya.