Bunduki ya ami ya semi-otomatiki (inayojipakia yenyewe) inabana maganda: ninunue springi, nitafute risasi nzito, au nichukue ya pampu?

Mkulima wa Muyuni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina bunduki Browning Auto-5, kaliba 12, ya Ubelgiji. Nimeachiwa na ami yangu, na kibali kimeshaandikwa jina langu. Ami alilinda nayo shamba la muhogo huku uwandani miaka mingi sana, na mwenyewe sikuwahi kumsikia akilalamika kuwa imekwama.

Kwangu inakwama. Nikipiga risasi ya kwanza ganda linatoka nusu, linakaa wima mlangoni, pale maganda yanapotokea, na bolti (kile chuma kinachofunga chemba) inalibana hapo hapo. Katika risasi tano, mara tatu huwa hivyo. Juzi nguruwe wamefukua matuta sita, nimepiga mara moja, ya pili haikuingia. Wakaondoka zao taratibu nawatazama.

Ninatumia risasi nyepesi, zenye gramu 28 za marisau, kwa sababu ndizo nilizozipata. Nimepewa rai tatu: ninunue springi mpya zote, nitafute risasi nzito kama alizotumia ami, au niirejeshe hii na nichukue ya pampu, inayopakiwa kwa kuvuta mkono. Pesa ninayo ya jambo moja tu. Naomba mnisaidie kuchagua.

Fundi wa Chuma, Mjini
Waalaykum salaam. Usinunue chochote bado. Kwanza toa risasi zote, vuta bolti nyuma, chungulia chemba kwa jicho kisha tia kidole. Usilifanye jambo hili kwa mazoea hata siku moja.

Bunduki yako inafanya kazi kwa teke. John Browning aliipatia hataza mwaka 1900, na kiwanda cha silaha cha FN kikaanza kuitengeneza Ubelgiji miaka miwili baadaye. Ukipiga, mtutu na bolti vinarudi nyuma pamoja vikiwa vimeshikana, safari ndefu kuliko risasi yenyewe. Kisha mtutu unatangulia kurudi mbele, bolti inabaki nyuma, na hapo ndipo ganda linaporushwa. Bolti ikiachiwa inasukuma risasi mpya ndani. Kwa hiyo ganda likikwama mlangoni, swali ni moja: mtutu ulifika nyuma kabisa, au uliishia njiani?

Ninavyokusoma, uliishia njiani. Risasi nyepesi, breki kali, yaani zile pete za kwenye bomba la magazini zinazopunguza kasi ya mtutu ukirudi nyuma. Simamisha bunduki kwa kitako, bolti ikiwa nyuma, usukume mtutu chini kidogo huku unafungua kofia ya mbele. Ushike sawasawa, springi ina nguvu. Halafu tuandikie vitu vilivyomo kwenye bomba la magazini kwa mpangilio wake, kimoja kimoja, kabla hujavigusa.

Konde Pemba
Yakhe, msikilize Fundi. Mimi niliinunua ya aina hiyo ikiwa haina pete ya chuma kabisa, aliyekuwa nayo kabla yangu aliipoteza. Ilikuwa inatupa maganda mbali, nikafurahi. Baada ya muda mbao ya mbele ikapasuka kwa urefu, na bega likawa linaniuma siku mbili kila nikitoka. Maganda yakiruka sana nayo ni dalili ya ugonjwa.

Mkulima wa Muyuni
Nimefungua. Kutoka upande wa bodi, yaani mwili wa bunduki: springi kubwa, halafu pete ya chuma ambayo upande mmoja imechongwa kwa ndani, halafu kipande cha shaba kilichokatwa na kuzungukwa na kijispringi bapa, halafu ndiyo pete ya mtutu. Upande uliochongwa wa ile pete ya chuma umeelekea shaba.

Na jambo jingine. Bomba lote lina utando wa rangi ya kahawia unaonata kama utomvu wa fenesi. Nikiunusa ni mafuta ya nazi yaliyochacha. Nakumbuka ami alikuwa akipaka hayo.

Fundi wa Chuma, Mjini
Basi umeshajijibu. Mpangilio huo ni wa risasi nzito. Pete ya chuma ikikaa baina ya springi na shaba, inaibana shaba ikumbatie bomba, breki inashika kwa nguvu. Ami yako alipiga risasi nzito za nguruwe na breki yake ilikuwa sahihi. Wewe umebadilisha risasi, breki hukuibadilisha, na juu yake una utomvu.

Kwa gramu 28, itoe pete hiyo uipeleke nyuma kabisa, ikae baina ya bodi na springi. Hapo haitafanya kazi, itakuwa imehifadhiwa tu. Shaba ibaki mbele. Lakini kabla ya kuhamisha chochote, safisha bomba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka kitoke cheupe, na shaba nayo kwa ndani. Ukimaliza, tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, ulipanguse mpaka uone kama hukupaka. Bomba likilowa, breki inateleza na mtutu unagonga bodi.

Mafuta ya nazi yaacheni kwa nywele na samaki wa kukaanga. Yakikaa muda mrefu yanachacha na kunata kama gundi.

Mwinyi wa 1100
Yangu ni Remington 1100, inayoendeshwa na gesi ya baruti, nayo ilikuwa ikikwama hivyo hivyo. Dawa ilikuwa kuzibua vitundu vya gesi chini ya mtutu na kubadilisha ile pete ndogo ya mpira iliyokatika. Nilizibua kwa waya laini, sikupanua tundu. Anza na gesi.

Fundi wa Chuma, Mjini
Mwinyi, kwako ni kweli tupu, na watu wengi wenye za gesi hutupa bunduki nzima kwa sababu ya mpira huo. Ila Auto-5 haina tundu la gesi hata moja. Dalili zinafanana, chanzo ni mbali. Mkulima asije akatafuta tundu lisilokuwepo.

Baba Shamba, Kitogani
Mimi bado nasema pampu. Pampu haijali gramu 28 wala 36, mkono wako ndio unaovuta. Mlinzi wa shamba usiku, amelowa umande, hana haja ya kukumbuka pete iko mbele au nyuma.

Konde Pemba
Maneno yako yana uzito, Baba Shamba. Lakini kibali kimeandikwa namba ya bunduki hii. Akitaka nyingine anaanza maombi upya, na nguruwe hawamsubiri. Tena ni ukumbusho wa ami yake. Kuhamisha pete ni bure.

Baba Shamba, Kitogani
Kwa hilo la kibali nakubali. Basi ajaribu, lakini kama atatumia risasi nzito na nyepesi kwa kuchanganya, rai yangu iko pale pale. Siku atakayosahau pete nyuma na kutia risasi nzito, ataivunja.

Fundi wa Chuma, Mjini
Hapo umesema. Achague risasi aina moja, asichanganye.

Mkulima, bado moja. Kuna springi ya pili ndani ya kitako, ndiyo inayoirudisha bolti mbele. Bunduki ikiwa tupu, bolti nyuma, bonyeza kitufe cha kuiachia usikilize. Inatakiwa ifunge kwa kishindo kimoja. Ikijikokota mwishoni, bomba la kitakoni lina kutu. Kitako usikifungue kwa bisibisi ya nyumbani, skrubu zake ni nyembamba na zinaharibika kichwa. Mpelekee fundi mwenye leseni.

Mkulima wa Muyuni
Ndugu zangu, nimerudi. Vitambaa vinne vimetoka vyeusi, cha tano kikatoka cheupe. Nimehamisha pete nyuma. Leo asubuhi nimepiga risasi kumi za gramu 28 kuelekea jabali nyuma ya shamba, watu wote nimeshawaondoa. Maganda kumi yametoka, yameanguka kama hatua tatu kulia kwangu, yote karibu karibu.

Ila risasi ya saba bolti haikufunga mpaka mwisho, nikaisukuma kwa kiganja. Nilipojaribu kitufe nikiwa nyumbani, nikasikia: inaanza kwa nguvu, halafu kama inakwaruza mchanga. Kwa hiyo pesa yangu itakwenda kwenye springi ya kitako, hiyo ya mbele naiacha.

Pia nimeona ufa mdogo kwenye mbao ya mbele, hauzidi urefu wa ukucha. Nitamwonyesha fundi kwa safari hiyo hiyo. Na kwenye boksi la risasi nimeandika kwa kalamu nene: NYEPESI TU, PETE IKO NYUMA. Kijana wangu amelisoma kwa sauti mara mbili.

Konde Pemba
Huo ufa utiwe gundi mapema kabla ya masika, unyevu ukiingia hautoki. Na usimwachie fundi pete ile kwenye karatasi. Iache ndani ya bunduki mahali pake.