Mashine ya msasa inachora miduara kwenye mbao, nibadilishe nini?

Seremala_Keko
Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya msasa ya duara, ya pedi (ile sahani ya chini inayoshika karatasi ya msasa) ya milimita 125 yenye matundu 8, mwaka wa tatu sasa. Wiki hii imeniharibia meza ya mninga ya mteja. Nimepaka vanishi, ikajitokeza miduara midogo midogo juu nzima, nikakwangua yote upya. Karatasi ya msasa nayo haishiki, inachomoka kazi ikiwa imekolea, na kwenye matundu ya hewa naona cheche. Fundi mmoja kaniambia mota imekufa, nitupe. Hela ya mpya sina. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Randa
Pole kijana wangu, usitupe. Kabla hujafungua hata skrubu moja, iwashe ukiwa umeinyanyua, uitazame pedi. Ikizunguka taratibu, ni nzima. Ikivuma kama feni, mpira wa breki umelika. Ni ule mpira unaoigusa pedi kwa juu, ukingoni, ili isikimbie ovyo. Ukiisha, pedi inatua kwenye mbao ikiwa na kasi na kuchimba hiyo miduara. Watu wanalaumu msasa bure.

BintiFundi
Shikamoo Mzee. Naongezea kuhusu karatasi kutoshika: vindoano vya pedi vimeyeyuka kwa joto. Pitisha kidole. Katikati patakwaruza, ukingoni patakuwa laini na panang'aa. Kinacholeta hilo ni kukandamiza. Uzito wa mashine na mkono wako vinatosha kabisa. Na tafadhali usibandike velkro kwa gundi. Mimi nilibandika, ikakaa upande, mashine ikatetemeka wiki mbili mpaka beringi ikafa. Nenda dukani na pedi ya zamani mkononi, ulinganishe matundu ya skrubu.

Mpitanjia
Mkuu, spea ukijumlisha na muda wako, bora ujichange ununue mpya.

Seremala_Keko
Nimejaribu, Mzee. Inavuma kama feni kweli! Na hizo cheche?

Mzee_wa_Randa
Marahaba binti. Seremala, chomoa waya ukutani kwanza. Toa kaboni zote mbili, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikiwa zimebaki kama milimita 5, badilisha zote kwa pamoja, usibadilishe moja. Mpya iteleze yenyewe kwenye kijumba chake; ikikwama haitaigusa komuta (ile pete ya shaba ya mota ambayo kaboni zinaisugua) vizuri na cheche zitarudi. Futa komuta kwa kitambaa kikavu, kisha iache izunguke bila kazi dakika kadhaa kaboni zikae. Cheche ndogo mwanzoni zisikutishe. Zikizunguka komuta nzima kama pete ya moto, hapo ndipo uongee habari za mota.

Mpitanjia, mpya nayo itakula pedi na kaboni vilevile.

Seremala_Keko
Mrejesho wakuu. Mpira, pedi na kaboni nimevipata Kariakoo. Kaboni moja ilikuwa imebaki kipande kama punje ya hindi. Nimepiga msasa mbao ya majaribio, nikaipangusa kwa spiriti, nikamulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni: hakuna hata mduara mmoja. Mungu awabariki sana. Ila nikiizungusha kwa mkono nasikia mkwaruzo, nahisi ni beringi.

BintiFundi
Hongera kaka! Beringi soma namba ubavuni, ununue hiyohiyo yenye 2RS, ile iliyofunikwa mpira pande zote. Ya ZZ ina kifuniko cha bati, vumbi la mninga litapenya.